Msitu Uliopakwa Chokaa

"Usiguse hata kiriba kimoja."

"Mke wangu, punguza sauti. Wajumbe wanasikia."

"Wasikie! Kwani wao hawakuwepo? Uliwaambia wafyeke, wakafyeka. Ukawaambia wapake chokaa, wakapaka. Ungewaambia wapige deki msituni wangekuuliza sabuni iko wapi."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa kitalu chake cha miche, mikono ameshika nguzo huku na huku, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani. Nyuma yake, chini ya kivuli cha makuti, viriba vya plastiki vilivyojaa udongo vilikuwa vimepangwa tuta kwa tuta, na ndani ya kila kiriba kulikuwa na mche wa mti wa asili. Mbele yake alikuwepo mumewe, amevaa suti ya kupokelea wageni tangu alfajiri. Barabarani, wajumbe wa kamati ya msitu walikuwa wameegemea mkokoteni mtupu wakitazama viatu vyao. Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mume huyu aliitwa Mwenyekiti. Si wajumbe tu waliomwita hivyo. Tangu achaguliwe kuongoza kamati, hata mama yake mzazi alimwita Mwenyekiti, naye aliitika bila haya.

"Nakuomba kwa heshima," alisema. "Miche ya matuta mawili tu."

"Juzi ulikuwa na miche ya bure msitu mzima. Umeifanyaje?"

Kila mtu alijua alivyoifanya.

Ilikuwa imekuja taarifa kwamba mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu atafika kupima kipande cha msitu wa kijiji, ule wa bondeni, ulio tambarare karibu na mto. Mwenyekiti alisikia neno "mgeni", na baada ya hapo hakusikia kingine. Maisha yake yote alijua namna moja tu ya kumpokea mkubwa: fyeka majani, paka mawe chokaa, tafuta viti. Hakuona kwa nini msitu uwe tofauti na uwanja wa shule. Akamwambia mkewe wanakwenda kusafisha njia. Akaingia na kamati yake kwenye kile kipande kilichowekewa vigingi, wakakata kila kitu chembamba kuliko mkono wa mtu. Walikata miche iliyojiotea, wakang'oa mitambaazi, wakachomoa majani mapana ya kivulini ambayo hata majina yake hawakuyajua. Wakakusanya majani makavu kwa reki, halafu wakafagia. Ndiyo, kwa fagio. Walipomaliza wakapaka chokaa mashina ya miti mikubwa mpaka usawa wa kifua. Siku hiyo Mwenyekiti alirudi nyumbani amechangamka kama bwana harusi.

Kesho yake, Bwana Misitu wa serikali alipopita kukagua maandalizi, alisimama penye vigingi, akatazama, akakaa chini na suruali yake safi.

"Wewe mtu," alisema, "wanahesabu vidogo!"

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoelezwa kile ambacho mkewe angemweleza bure kama angeulizwa. Mtaalamu hafungi safari kuja kuona usafi. Anafunga kamba kuzunguka eneo, kisha anahesabu ni aina ngapi za mimea zimo ndani, kubwa na ndogo, hasa ndogo, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuwa msitu wakati hii mikubwa imeanguka. Aina zikiwa nyingi, msitu unaandikwa kuwa hai, unabaki mikononi mwa kijiji. Zikiwa chache, unaandikwa kuwa umechakaa. Na msitu uliochakaa serikali inampa mwekezaji aufyeke wote apande mitiki, mti mmoja huohuo, mstari baada ya mstari, mpaka macho yachoke. Mwekezaji mwenyewe alikuwa ameshaonekana barabara kuu, amepiga hema na kuegesha matrekta.

Mke alisoma chuo cha kilimo, akahitimu na stashahada. Mwenyekiti alipenda kuitaja stashahada hiyo mbele ya wageni, na kuisahau kila mwenyewe alipofungua mdomo. Kitalu kilikuwa chake. Mbegu aliokota mwenyewe chini ya miti ya bondeni, na miche iliyosongamana alichomoa kwa kijiti akaihamishia kwenye viriba. Aliuzia shule, aliuzia watu wa barabara, aliuzia kila aliyetaka mti usiopatikana kwingine. Msitu ukienda, kitalu kingebaki plastiki na udongo.

"Ardhi ya nani hiyo ulipoweka viriba vyako?" Sauti ilitoka barazani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi jipya, lililotolewa nje makusudi ili wageni walione wakipita, anakunywa chai.

"Yenu, mama."

"Na kivuli alikujengea nani?"

"Nilijenga mwenyewe, mama."

"Kwa miti ya shamba la nani?"

"Lenu, mama."

"Sasa? Mumeo anakwenda kuaibika mbele ya serikali, wewe umekumbatia nguzo. Siku zetu sisi tulimsitiri mwanaume hata akiwa amelewa katikati ya barabara."

"Huyu hakulewa, mama. Angekuwa amelewa ningemsitiri. Huyu alikuwa macho kabisa."

Wajumbe wakakohoa wote.

Hapo akaja shemeji, mdogo wake Mwenyekiti, ambaye kijiji kizima kilimwita Injinia kwa sababu alimiliki msumeno wa injini. Sifa nyingine hakuwa nayo. Alikuja anachezea funguo za pikipiki ambayo haikuwa yake.

"Shemeji, tusipoteze muda," alisema. "Gari la wageni litafika saa sita. Tunachimba vishimo, tunachomeka, tunamwagia maji, kwisha. Huyo daktari wa mimea anaona kijani, anahesabu, anakula, anaondoka. Msitu unabaki, na wewe unabaki na kitalu chako. Nani amepoteza?"

"Miche ndiyo itakayopoteza. Jua hili, na majani makavu yote mmeyazoa. Itakufa kabla ya wiki ijayo."

"Itakuwa imeshahesabiwa."

Aliichukia sentensi hiyo. Alichokichukia zaidi ni kwamba ilikuwa na ukweli ndani yake. Aliwatazama: mumewe anatoa jasho ndani ya suti, shemejiye na funguo zake, mama mkwe na kikombe chake, wajumbe waliokuwa tayari kufyeka leo na kupanda kesho kwa uso uleule. Watu wazima. Hakuna hata mmoja aliyesema "tumekosea". Na bado, kama uongo wao usingefaulu, matrekta yangeshuka bondeni.

Akaachia nguzo.

"Chukueni. Lakini mnisikilize. Toeni viriba kabla ya kupanda, mzizi ushike udongo. Na msipange mistari. Msitu haujipangi mstari. Changanyeni."

"Shemeji, tunajua kupanda."

"Mnajua kung'oa."

"Na chai uilete huko huko saa sita," Mwenyekiti alisema, sauti yake imesharudi kuwa ya mkutano. "Thamosi zote mbili. Na vikombe vile vya wageni."

Kisha akageuka kuwaelekeza wajumbe namna ya kupakia viriba, kama mtu aliyeviotesha yeye.

*

Alishuka bondeni kabla ya saa sita, kapu la vikombe kichwani, thamosi mkononi. Njia aliijua kwa miguu. Kila anapofika kwenye mteremko wa mwisho, huwa hewa inabadilika, inakuwa nzito na baridi, na mtu anaanza kupita kwa kusukuma majani kwa bega. Siku hiyo hakusukuma kitu. Jua lilimfuata mpaka ndani.

Akasimama.

Miti mikubwa ilikuwa imesimama imevaa soksi nyeupe, kama wanafunzi kwenye paredi. Kati yao hapakuwa na kitu, ila udongo mwekundu wenye mistari ya fagio. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nusu duara, na meza imetandikwa kitambaa. Mtu asiyejua angedhani pana mahafali.

Halafu akaviona visiki.

Kimoja alikijua. Alikuwa amewahi kujikwaa hapo akiokota mbegu, akajiambia labda mti ulianguka ukakatwa kuokoa mbao. Vingine vilikuwa vimefichwa na majani, na sasa majani hayapo. Kila alipotazama paliibuka kingine, kimekatwa sawasawa kama meza, kipana, kifupi kabisa ili kisionekane. Na vyote, bila kubagua, walikuwa wamevipaka chokaa. Wajumbe walikuwa wameambiwa wapake mashina, wakapaka mashina.

Injinia alikuwa amekaa juu ya kimoja, anavuta sigara.

"Hivi ni vya lini?" mke alimuuliza.

"Vipi?"

"Hicho ulichokalia."

Injinia akatazama chini kama mtu anayeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza. "Aa, hivi ni vya zamani, shemeji. Vya enzi za wazee."

"Enzi za wazee zinatoa utomvu mpaka leo? Inuka utazame suruali yako."

Injinia aliinuka, akajipapasa makalio. Wajumbe wakageuka upande mwingine.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, sasa hana utani, "yale makochi unayokalia, ulidhani yameota?"

"Nilisikia yamenunuliwa."

"Ulisikia. Uliuliza?"

Hakuwa ameuliza. Yalikuja siku moja mchana, mapana, yananukia mbao mbichi, na yeye akayashonea vitambaa. Maneno ya Injinia yalimwingia, akaona uso unamwaka, akaudhika zaidi kwa kuwa aliyesema kweli ni huyu.

"Mwenyekiti!" aliita. "Ulijua?"

Mumewe alikuwa anaweka sawa kitambaa cha meza. "Mambo hayo si ya leo," alisema. "Leo tuna wageni."

"Ya lini, basi?"

"Nimesema si ya leo. Weka vikombe."

Aliweka vikombe. Kisha akaenda kutazama miche yake. Waliipanda kwa mistari. Mistari mizuri, ya kamba, kutoka kigingi mpaka kigingi, kama mahindi. Na kwenye shingo ya kila mche, pale shina linapotoka ardhini, palichungulia ukingo mweusi wa plastiki. Hawakutoa viriba. Walichimba vishimo, wakatumbukiza, wakafukia.

Alipiga magoti akafukua mmoja, akaipasua plastiki kwa kucha, akaurudisha. Akaanza wa pili. Alikuwa na udongo mpaka viwiko honi ya gari iliposikika juu ya mteremko.

"Inuka!" Mwenyekiti alimnong'oneza kwa ukali. "Inuka, unaonekana kama mtu wa kibarua!"

*

Daktari wa mimea alikuwa mwanamke mfupi, aliyevaa buti zilizochakaa na kofia ya kitambaa. Hakuonekana kama mtu ambaye mtu angempigia chokaa msitu mzima. Nyuma yake alifuata Bwana Misitu, amebeba kamba ya kupimia, anatabasamu tabasamu la mtu aliyeshapanga namna ya kujitoa.

Mwenyekiti alifungua hotuba. Alimkaribisha Daktari katika msitu wetu mzuri, msitu wetu msafi, msitu ambao kamati yake inautunza kama sebule. Aliitaja kamati. Aliitaja serikali. Alimtaja na mke wake, mwenye stashahada, ambaye ameandaa chai. Daktari alisikiliza amevua kofia, macho yake yakitembea taratibu kutoka soksi moja nyeupe hadi nyingine, yakashuka kwenye kisiki, yakaenda kwenye kingine.

"Nani amepaka chokaa?" aliuliza hotuba ilipokwisha.

"Kamati."

"Kwa nini?"

Mwenyekiti aliangalia huku na huku akitafuta ugumu wa swali. "Usafi," alisema.

Daktari hakukaa kwenye kiti alichovutiwa. Aliingia ndani ya vigingi, akatembea kwenye mstari wa miche, akainama, akashika mche mmoja shingoni na kuuvuta kidogo tu. Ukatoka mzima na kiriba chake, kama mtu anavyotoa chupa kwenye kreti.

Udongo ulimwagika kidogo kwenye buti lake.

"Mama huyu ana haraka sana," Mwenyekiti alisema, akicheka, akinyoosha mkono kwa mkewe. "Nilimwambia atoe plastiki kwanza. Nimemwambia mpaka nimechoka. Unajua wanawake wetu, akishajua kitu kimoja hasikii kingine."

Wajumbe, ambao mikono yao bado ilikuwa na udongo wa vishimo walivyochimba wenyewe, walicheka. Injinia alicheka kuliko wote. Mke alisimama kando ya meza, viwiko vyake vyekundu, kama ushahidi. Alitazamwa na kila mtu, akajitazama na yeye. Alitaka kuona mumewe atafika wapi akiachiwa njia.

Daktari aliuweka mche chini kwa uangalifu, akakisogezea kiriba udongo kwa mguu.

"Sikuja kumkagua mtu," alisema. "Nina swali moja tu, na ninaomba nijibiwe vizuri, kwa sababu litanifanya niandike kitu kimoja au kingine. Kabla ya kupandwa hii, hapa chini palikuwaje?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Bwana Misitu aliwahi.

"Mwenyekiti, sema tu ukweli," alisema, na neno hilo alilitamka polepole, huku akimtazama machoni. "Hapa hapaoti kitu. Si ndiyo? Ndiyo maana mlijitolea kupanda. Hilo si kosa."

Njia ikawa imefunguka mbele ya Mwenyekiti, pana na laini, naye akaipenda.

"Hapaoti kitu," alisema. "Ndiyo. Ndiyo maana tukaamua kama kamati kusaidia."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Nisikilize, Mwenyekiti." Daktari aliongea kwa subira, kama anavyoongea mtu na mgonjwa anayeficha alichokula. "Kama pamekuwa patupu hivi kwa miaka, basi mbegu zilizokuwa zimelala kwenye udongo zimekwisha, mizizi imekufa, na hii miti mikubwa ni wazee waliobaki peke yao. Nitaandika umechakaa, na nitakuwa sijakosea. Lakini kama pamefyekwa siku hizi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Udongo bado una vitu vyake. Pakiachwa bila kuguswa, patarudi. Si kila aina, lakini nyingi. Nitaandika umejeruhiwa, uachwe upone. Sasa nakuuliza tena, bila haraka. Palikuwa hivi, au palifanywa hivi?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini kamati ya msitu ilikuwa na sheria ndogo, na sheria hiyo Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeisoma kwa sauti siku ya mkutano, akaipigia makofi: atakayekata chochote ndani ya vigingi anavuliwa uongozi na anapelekwa mahakamani. Alifikiria mahakama. Alifikiria visiki, na mdogo wake, na makochi. Lakini zaidi ya yote, aibu iliyoje, alifikiria siku ambayo mama yake angemwita kwa jina lake.

"Palikuwa hivi," alisema. "Miaka yote."

Bwana Misitu, ambaye visiki vile vingemuuliza na yeye alikuwa wapi, alishusha pumzi. Daktari alitoa kalamu.

Hivyo ndivyo msitu wa bondeni ulivyokuwa unauzwa. Hapakuwa na mkoba wa noti wala mkutano wa siri. Palikuwa na mwanaume mmoja amevaa suti kwenye joto, anayetaka kuendelea kuitwa Mwenyekiti. Kwa ajili hiyo alikuwa tayari kila kilichoota pale kifutwe, matrekta yashuke, na mistari ya mitiki ipandwe mpaka mtoni. Na angerudi nyumbani akaomba chakula.

Mkewe alimtazama mpaka akaridhika kwamba amefika mwisho wake. Hakukasirika tena. Hasira ni ya mtu unayemtarajia kitu.

Alichofikiria baada ya hapo kilikuwa cha kawaida kabisa, mawazo ya mtu anayefanya kazi za nyumbani kila siku. Mlifyeka. Mlichofyeka kiko wapi? Majani hayayeyuki. Hapa hapakuwa na majivu, kwa hiyo hawakuchoma. Hapakuwa na rundo, kwa hiyo walilificha. Na alimjua mumewe kwa taka. Mwanaume huyu akitumwa kutupa kitu, hakifiki mbali. Kinaishia nyuma ya kitu cha kwanza kitakachokifunika.

Akatazama chini. Kwenye udongo uliofagiwa, mistari ya fagio ilikuwa inakwenda upande mmoja. Kutoka kwenye ukingo wa vigingi kulikuwa na mistari mingine, mipana, ya kitu kilichoburutwa, ikienda kwenye korongo dogo lililokuwa nyuma ya mti mkubwa kuliko yote.

"Daktari," alisema, "usiandike kwanza."

"Wewe, rudi kwenye chai," Mwenyekiti alisema.

"Daktari, njoo huku."

"Mheshimiwa, samahani," Bwana Misitu aliingilia. "Hawa wana ugomvi wao wa nyumbani. Tangu asubuhi. Hata njiani tumesikia."

"Ni kweli," mke alisema. "Tuna ugomvi. Njoo uone tunachogombania."

Mwenyekiti alimfuata hatua mbili, akamshika mkono juu ya kiwiko, akainamisha kichwa ili wageni wasisikie. Pumzi yake ilinuka woga. "Ukiendelea kwenda huko," alisema, "usirudi kwangu. Nakuapia. Hata nguo zako utazikuta barabarani."

Aliyawaza, kwa haraka, mambo yote mawili. Nguo barabarani, mama mkwe barazani na kikombe, majirani. Na kitalu kwenye ardhi isiyo yake, ambacho wangekivunja kesho asubuhi. Hayo yalikuwa kweli na yangetokea. Lakini hata kama angekaa kimya, kitalu kingekufa tu, na angebaki ndani ya nyumba ile ile na mtu huyu.

"Basi zikunje vizuri," alisema. "Zisichafuke."

Akatoa mkono wake.

Korongoni palikuwa pamefunikwa kwa matawi machache makavu, kazi ya kivivu, ya kudanganya jicho moja tu. Aliyavuta pembeni. Chini yake kulikuwa na rundo linalofikia kiuno, lililobanana, bado la kijani. Majani mapana, majani membamba, mitambaazi iliyoviringana kama kamba za mizigo, miche yenye urefu wa mtoto iliyokatwa kwa mshazari, mingine imeng'olewa na mizizi yake, udongo umeshikana bado unyevu. Harufu ilipanda, ile harufu nzito ya bondeni iliyokuwa imepotea njiani.

Alifunga nguo yake kiunoni, akakaa ukingoni, akateleza mpaka chini.

"Juzi asubuhi," alisema kwa sauti ambayo hata dereva kwenye gari aliisikia, "vyote hivi vilikuwa vimesimama ndani ya kamba yako. Walivifyeka kwa ajili yako, upaone pasafi. Aliyetoa amri ni mume wangu. Visiki ni vya huyu shemeji yangu, mume wangu akijua, na mbao ziko sebuleni kwangu, nimezikalia. Leo wamekwambia hapaoti kitu. Haya, hesabu."

Akarusha mche wa kwanza juu. Ukaangukia kwenye buti la Daktari. Akarusha wa pili, wa jani jingine. Akarusha mtambaazi.

Daktari alisimama kidogo tu. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, akapiga magoti ukingoni, na kuanza kutenga: jani hili huku, jani hili kule.

"Taratibu, mama," alisema. "Yenye mizizi nipe kwanza. Nataka kuona kama iko hai."

"Iko hai. Shika."

"Bwana Misitu," Daktari alisema bila kugeuka, "leta hicho kitambaa cha mezani, nitandike hapa."

Bwana Misitu aliangalia meza, akaangalia Mwenyekiti, akaanza kuondoa vikombe kimoja kimoja. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya viti vyake vya plastiki, mkono bado umenyooka nusu. Injinia alikuwa ameshaanza kupanda mteremko kwa hatua za mtu aliyekumbuka ameacha kitu nyumbani. Hakuna aliyemwita.

Chini, rundo lilikuwa zito. Mitambaazi ilikuwa imefunga kila kitu pamoja, na mtu mmoja asingeimaliza. Mke alinyanyuka akafuta jasho kwa bega, akawatazama wajumbe waliosimama juu yake kwa safu.

"Na nyinyi mnatazama nini?" alisema. "Nguvu za kufyeka mlikuwa nazo. Wewe wa mwanzo. Na wewe mcheka. Shukeni."

Walimtazama Mwenyekiti, kwa mazoea. Alikuwa anatazama meza ikivuliwa kitambaa. Yule aliyezoea kucheka na kujifanya anakohoa aliegemeza panga lake kwenye mti mkubwa, akakunja suruali, akashuka korongoni.